Sultani Majid na Mji Aliouacha Njiani



Mhariri aliniomba niandike maisha ya mtu aliyeinua uchumi wa mji. Kwa kuwa kazi yangu serikalini ni ya mipango, nimemchagua Majid bin Said, mwanzilishi wa Dar es Salaam. Najua mtauliza Sultani wa Unguja anatuhusu nini sisi wa Kitahana. Anatuhusu, maana mji ule ulikusudiwa kuishi kwa mali ya bara, na bara ndiyo sisi.

Majid alishika utawala mwaka 1856 baada ya kufariki baba yake, Seyyid Said. Hakuketi kwa raha. Mwaka 1859 nduguye Barghash alijaribu kumpindua. Mwaka 1861 Waingereza walikata shauri Unguja itengane na Oman, ila iilipe riali 40,000 kila mwaka. Ushuru wa forodha nao ulikodishwa kwa nyumba ya Jairam Shivji, ambayo ilimdai fedha nyingi. Nadhani shida hizo zilichangia kumfanya atazame ng'ambo, kwenye bandari tulivu kando ya kijiji cha Mzizima. Misafara ya pembe za ndovu kutoka Ujiji na Tabora ilikuwa ikishukia Bagamoyo, ambako maji ni machache na meli kubwa hutia nanga mbali. Yeye alitaka ishukie kwake.

Ujenzi ulianza katikati ya miaka ya 1860: jumba la Sultani, nyumba za mawe, mashamba ya minazi. Mwaka 1867 aliwaandalia karamu makonsuli wa nchi za kigeni wauone mji. Watumwa walifanya sehemu kubwa ya kazi ile, na hilo tusilifiche tunapomsifu.

Oktoba 1870 Majid akafariki, hata miaka 40 hajatimiza. Barghash akarithi kiti, mji akauacha. Nyumba zikaanza kubomoka, misafara ikaendelea na njia yake ya Bagamoyo. Kwa macho ya mtu wa mipango, kosa la Majid ni kwamba alitanguliza majumba, njia ya kwenda bara ikabaki nyuma. Msafara haufuati jumba. Wajerumani walihamishia makao yao hapo mwaka 1891, lakini kilichoupatia mji ule bara yake ni reli, iliyoanza kujengwa 1905 na kufika Kigoma 1914. Baadaye Waha wengi waliondoka kwao kwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge.

Mimi niliipanda treni hiyo baada ya kidato cha nne, sanduku la bati mkononi. Siku ya pili mjini nikapita mbele ya Boma la Kale, karibu na bandari, nikamwambia mwenyeji wangu kwamba Wajerumani walijua kujenga. Alicheka sana. Jengo lile ni la wakati wa Majid.