Bob Marley na adabu ya kuachana

Juzi, nikiwa ndani ya matatu kutoka Karatina kwenda Nyeri, niliisikia sauti ya marehemu Bob Marley, nikaikumbuka kwaya yetu ya ujana. Wenzetu wawili walipojitoa, sisi tuliobaki tulishinda tukiwasengenya hadi kwaya yenyewe ikafa. Laiti tungaliyajua maisha ya mtu huyu.

Marley alizaliwa mwaka 1945 katika kijiji cha Nine Mile, Jamaika. Akiwa kijana katika mtaa wa kimaskini wa Trench Town, jijini Kingston, aliunda kundi la Wailers mwaka 1963 pamoja na Peter Tosh, Bunny Wailer na wengineo. Miaka kumi baadaye, sifa zao zilipoanza kuvuka bahari, Bunny alizikataa safari ndefu za ng'ambo, na muda si mrefu Tosh naye akaondoka. Ilidhaniwa chombo kimezama.

Marley hakutafuta watu wa kuiga sauti za waliokwenda. Alibaki na ndugu wawili, Aston Barrett wa gitaa la besi na Carlton wa ngoma. Akamwita Al Anderson, mpiga gitaa wa Marekani. Na pale palipokuwa na sauti za wanaume, akaweka za wanawake watatu: mkewe Rita, Marcia Griffiths na Judy Mowatt. Hivyo ndivyo ilivyotoka santuri ya Natty Dread mwaka 1974. Jina hilo lazienzi nywele za misokoto, ambazo wazee wetu wa Nyeri walikwisha kuziona vichwani mwa wapiganaji wa Mau Mau. Wimbo wake mashuhuri, No Woman, No Cry, uliandikishwa kwa jina la Vincent Ford, rafiki wa Trench Town aliyekuwa akiwalisha wenye njaa.

Sisemi hapakuwa na uchungu. Jina la Marley sasa lilitangulia la kundi, na hilo ni jambo zito kwa watu walioanza pamoja. Lakini mwaka 1976 Tosh na Bunny nao walitoa santuri zao wenyewe. Kisima kimoja kikawa vitatu.

Marley alifariki kwa saratani mjini Miami tarehe 11 Mei 1981, akiwa na umri wa miaka 36 tu. Kwaya na vyama vyetu vya mlimani vingali vikigawanyika. Umoja ni nguvu, twaambiwa tangu utotoni. Hatukufundishwa kwamba hata utengano una adabu yake. Anayebaki na aimbe.