Tabibu Ibn al-Nafis na Chakula cha Moyo

Yatupasa katika kitabu hiki cha ukumbusho tuwataje pia wazee wetu wa elimu. Wengi wetu tumelisikia jina la Ibn Sina. Wachache wamesikia habari za mtu aliyemheshimu Ibn Sina mno, na juu ya hayo akathubutu kumsahihisha. Huyo ni Ala al-Din Ali bin Abi al-Hazm al-Qurashi, ajulikanaye zaidi kwa jina la Ibn al-Nafis.

Alizaliwa katika nchi ya Sham, karibu na mji wa Damascus, yapata mwaka 1210. Akiwa kijana alisomea utabibu katika hospitali ya Nuri, iliyojengwa mjini humo na Sultani Nur al-Din katika karne iliyotangulia. Mwalimu wake mkubwa alikuwa al-Dakhwar, aliyefariki mwaka 1230. Kisha Ibn al-Nafis akahamia Kairo, na huko Misri akapanda daraja hata akawa mkuu wa matabibu na tabibu wa Sultani Baybars. Wala hakuwa mtu wa dawa peke yake, kwani alisomesha pia fikihi ya madhehebu ya Imam Shafi katika madrasa ya Masruriyya.

Waandishi wa habari zake wanasimulia kwamba alipokaa kuandika aliwekewa kalamu nyingi zilizokwisha chongwa, ili asikatize fikira zake kwa kuchonga. Inasemekana siku moja alikuwa hamamuni akioga, akatoka kabla ya kumaliza, akaomba wino na karatasi, akaandika risala juu ya mapigo ya mshipa, kisha akarudi kumaliza kuoga.

Kazi yake iliyo kubwa kwetu leo ni sherehe aliyoiandika, kufikia mwaka 1242, juu ya mlango wa viungo vya mwili katika kitabu cha Ibn Sina kiitwacho Kanuni. Tangu zama za Galen wa Uyunani, ambaye Waarabu humwita Jalinus, matabibu walishika kwamba damu hupenya kutoka chumba cha kulia cha moyo kwenda cha kushoto kwa vitundu vilivyomo katika ukuta wa kati. Ibn al-Nafis akasema hapana: ukuta ule ni mnene, hauna kitundu kionekanacho wala kisichoonekana. Damu hutoka chumba cha kulia ikaenda mapafuni, ikachanganyika na hewa, ndipo ikarudi chumba cha kushoto.

Katika sherehe hiyo hiyo alisahihisha neno jingine, ambalo halitajwi sana ingawa linatugusa zaidi. Ibn Sina alikuwa ameandika kwamba damu iliyomo katika chumba cha kulia ndiyo inayoulisha moyo. Ibn al-Nafis akalikataa hilo waziwazi. Alieleza kwamba moyo hupata chakula chake kwa damu ipitayo katika mishipa iliyotandaa ndani ya nyama ya moyo wenyewe.

Tuyatafakari maneno hayo. Moyo umejaa damu mchana na usiku, lakini haunywi damu ile iliyomo vyumbani mwake isipokuwa kidogo sana. Ni kama mchukuzi wa maji apitaye na mitungi mabegani, naye mwenyewe hunywa kwa kikombe chake. Kikombe hicho ni mishipa miwili itokayo mwanzo kabisa wa mshipa mkuu wa mwili. Madaktari huiita kwa jina lenye maana ya taji, kwa sababu huuzunguka moyo kama taji lizungukavyo kichwa. Moyo hupiga kiasi cha mara 100,000 kwa siku. Uzito wake haufiki sehemu moja kwa 200 ya uzito wa mwili, lakini mtu akiwa ametulia huchukua kama sehemu moja katika kila sehemu 20 za damu unayoisukuma. Tena unapokaza huibana mishipa yake wenyewe, kwa hiyo upande wa kushoto hupata sehemu kubwa ya chakula chake katika nukta ile ndogo ya kulegea. Basi mishipa hiyo ikisongwa na mafuta, na damu ikaganda juu yake, nyama ya moyo iliyokosa damu huanza kufa kabla haijapita saa moja.

Jambo hili lilichunguzwa hapa kwetu pia. Mwaka 1959 wachunguzi wawili wa Kampala, A. G. Shaper na K. W. Jones, walitangaza uchunguzi wao juu ya Waafrika na Waasia wa Uganda. Ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa karibu haupo kwa Waafrika, waliokula matoke, viazi na vyakula vya shamba vyenye mafuta machache. Kwa Waasia ulikuwa tatizo kubwa, nao mafuta katika damu yao yalikuwa mengi zaidi. Leo hakuna kabila wala rangi iwezayo kujidhania salama. Vyakula vya kukaangwa, tumbaku, kisukari, shinikizo la damu na kukaa kitako vimeingia katika nyumba zetu zote, na meza zetu za futari ni mashahidi.

Kwa hiyo ndugu akishikwa na maumivu ya kifua kama ya kubanwa, yakaenda mkononi, shingoni au tayani, akatoka jasho baridi na pumzi ikawa fupi, tusiseme ni gesi tumboni, wala tusingoje kupambazuke. Kwa wanawake na wenye kisukari huenda ikawa ni uchovu na kukosa pumzi tu. Apelekwe hospitali upesi. Hapa Mulago ipo Taasisi ya Moyo ya Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1988, na kila dakika inayopotea njiani ni nyama ya moyo inayopotea.

Ibn al-Nafis mwenyewe alifariki Kairo mwezi wa Desemba 1288, mwaka 687 wa Hijra, akiwa na umri wa karibu miaka 80. Katika ugonjwa wake wa mwisho matabibu wenzake walimshauri anywe mvinyo kuwa dawa. Alikataa, akasema hapendi kukutana na Mola wake hali ya kuwa tumboni mwake mna kitu cha mvinyo. Nyumba yake na vitabu vyake aliviacha wakfu kwa hospitali ya Sultani Qalawun.

Sherehe yake ilikaa karne nyingi bila kujulikana na wengi, hata mwaka 1924 tabibu kijana wa Kimisri, Muhyi al-Din al-Tatawi, alipoieleza katika chuo cha Freiburg huko Ujerumani, baada ya kuisoma nakala iliyohifadhiwa Berlin.

Mtu huyu alimtii Mola wake bila kuikimbia elimu, na akamheshimu mwalimu bila kulificha kosa lake. Tukitaka kumkumbuka kwa vitendo, basi tuilinde amana hii ya moyo tuliyopewa, na tuwasomeshe watoto wetu, wa kiume na wa kike, hata watoke miongoni mwao matabibu wa kuwatumikia watu. Mwenyezi Mungu amrehemu Ibn al-Nafis, na atupe sisi elimu yenye manufaa. Amin.