Mwalimu Sontonga na wimbo wa shule uliokuwa wimbo wa taifa

Asubuhi wanafunzi wanapopanga mistari mbele ya bendera, iwe Tabora mjini, Sikonge au Urambo, wimbo wanaouimba ni Mungu Ibariki Afrika. Sote tunaujua kuwa ni wimbo wa taifa. Wachache tunajua kwamba ulianza kama wimbo wa shule, na kwamba aliyeutunga alikuwa mwalimu wa kawaida tu.

Mwalimu huyo ni Enoch Sontonga. Alizaliwa karibu mwaka 1873 huko Uitenhage, Afrika Kusini, katika kabila la Waxhosa. Alisomea ualimu Lovedale, kisha akapelekwa kufundisha kwenye shule ya misheni ya Wamethodisti karibu na Johannesburg, mji uliokuwa ukijaa watu waliofuata kazi za migodini. Alifundisha, aliongoza kwaya, na alikuwa pia mpiga picha. Yeye na mkewe, Diana Mgqibisa, walijaliwa mtoto mmoja wa kiume.

Nyimbo zake alizitunga kwa ajili ya wanafunzi wake, akiziandika kwenye daftari. Mwaka 1897 akatunga Nkosi Sikelel' iAfrika: ubeti mmoja na kiitikio, kwa Kixhosa. Mwaka 1899 uliimbwa hadharani katika ibada ya kumsimika mchungaji. Tarehe 18 Aprili 1905 Sontonga akafariki, akiwa na umri wa miaka 30 na kidogo.

Sisi wa Tabora tunaelewa jinsi wimbo unavyosafiri. Wapagazi wa Kinyamwezi walitembea kutoka hapa hadi Bagamoyo wakiimba, mizigo ya pembe mabegani. Wimbo wa Sontonga nao ulisafiri kwa midomo ya watu, kwaya hadi kwaya. Januari 1912 uliimbwa kwenye mkutano ulioanzisha chama kilichokuja kuitwa ANC. Mwaka 1927 mshairi Samuel Mqhayi aliuongezea beti 7.

Tarehe 9 Desemba 1961 Tanganyika ilipata uhuru, ikiongozwa na Mwalimu Nyerere, ambaye alisoma na kufundisha hapa hapa Tabora. Tuni ya Sontonga, kwa maneno ya Kiswahili, ikawa wimbo wetu wa taifa. Majirani zetu wa Zambia nao wanaimba kwa tuni hiyo.

Miaka yote hiyo, kaburi la mtunzi lilikuwa halijulikani lilipo. Waliolitafuta waliulizia jina la Sontonga, kumbe kwenye vitabu vya makaburi ya Braamfontein, Johannesburg, alikuwa ameandikwa Enoch. Lilipopatikana, Rais Nelson Mandela alikwenda kuzindua mnara wa kumbukumbu tarehe 24 Septemba 1996, miaka 91 baada ya kifo chake.

Msikilizaji, mtoto akirudi shuleni leo, mwulize ni nani aliyetunga wimbo aliouimba asubuhi. Akishindwa kujibu, mtajie jina: Mwalimu Enoch Sontonga.