Bibi Smith: Mhamiaji aliyelipa jina lake tufaha la kijani

Wauza matunda wa Kariakoo jijini Dar es Salaam, Nakasero jijini Kampala na masoko ya Nairobi wanalijua vizuri tufaha la kijani. Ni gumu, lina uchachu, na hukaa mezani siku nyingi bila kunywea. Kwenye kibandiko chake kidogo mara nyingi huwa na namba 4017, au 4139 likiwa dogo, pamoja na maneno mawili: Granny Smith.

Wengi hudhani hilo ni jina la kampuni. La hasha. Ni jina la mwanamke mkulima aliyeishi karne ya 19, Maria Ann Smith, aliyehama Uingereza na kwenda Australia pamoja na mumewe na watoto watano, wakianza upya kwa mikono mitupu. Neno Granny maana yake ni bibi, au nyanya kama wasemavyo Wakenya. Kwa hiyo anayeuza tufaha hilo anauza tufaha la Bibi Smith, ingawa bibi mwenyewe alifariki dunia bila kujua kuwa jina lake lingefika mbali namna hiyo.

Binti wa kibarua

Maria Ann Sherwood alibatizwa Januari 5, 1800, katika kijiji cha Peasmarsh, Sussex, kusini mwa Uingereza. Baba yake, John Sherwood, alikuwa kibarua wa mashambani. Mwaka 1819, akiwa na umri wa miaka 19, aliolewa na Thomas Smith, naye pia kibarua wa shamba. Waliishi Beckley, si mbali na Peasmarsh, kwa takriban miaka 19. Walipata watoto wanane, watatu kati yao wakafariki wakiwa wachanga.

Maisha ya kibarua katika maeneo hayo yalikuwa magumu. Baada ya vita vya Napoleon kumalizika mwaka 1815, ujira ulikuwa mdogo na kazi ilikuwa ya msimu. Mwaka 1830 vibarua wa kaunti jirani ya Kent walianza kuvunja mashine za kupuria nafaka kwa kuwa ziliwanyang'anya kazi ya majira ya baridi, na ghasia zikasambaa kusini mwa nchi. Mwaka 1834 serikali ikabadili sheria ya misaada kwa maskini: aliyeshindwa kujikimu alitakiwa kuingia katika nyumba za kazi, ambako mara nyingi mume, mke na watoto walitenganishwa.

Hata hivyo, watu wa Kent na Sussex walikuwa na kitu kimoja cha thamani, nacho ni ujuzi. Eneo hilo lilisifika kwa bustani za matunda na kilimo cha hopsi, zao linalotumika kutengenezea bia. Ujuzi huo ndio uliowafungulia mlango.

Safari ya Lady Nugent

Wakati huo koloni la New South Wales, upande wa pili wa dunia, lilikuwa na njaa ya wafanyakazi. Kwa miaka mingi lilitegemea wafungwa waliopelekwa huko kutoka Uingereza, lakini mfumo huo ulikuwa ukielekea ukingoni. Serikali ya koloni ikaanza kutumia fedha za mauzo ya ardhi kulipia nauli za familia zenye ujuzi wa kilimo, na mawakala wake wakapita vijijini kutafuta watu.

Familia ya Smith ilikubali, na haikuondoka peke yake: familia nyingine kadhaa za Beckley nazo zilifunga mizigo. Kila aliyewahi kuvuka mpaka kutafuta riziki anajua faida ya kuondoka na watu wa kwenu. Ukifika ugenini una wa kukuonyesha nyumba ya kupanga, wa kukukopesha unga na wa kukushika mkono siku ya msiba.

Walisafiri kwa meli iliyoitwa Lady Nugent. Mfereji wa Suez ulikuwa haujachimbwa, hivyo meli za kwenda Australia zilizunguka kusini mwa Afrika, safari iliyochukua miezi kadhaa katika sitaha zilizobanana. Walitia nanga Sydney Novemba 27, 1838. Maria alikuwa anakaribia miaka 39. Katika zama zile, mwanamke wa umri huo aliyekwisha kuzika watoto watatu hakutarajiwa kuanza maisha upya, lakini yeye alianza.

Miaka 17 ya kungoja

Familia hizo zilielekea wilaya ya Ryde, kaskazini-magharibi mwa Sydney, kando ya mto Parramatta. Ardhi hiyo ilikuwa ya wenyeji wa jamii ya Wallumedegal kabla ya Waingereza kuanza kuigawa kwa walowezi mwishoni mwa karne ya 18. Kufikia mwaka 1838 palikuwa tayari na mashamba ya matunda yaliyolisha mji wa Sydney.

Thomas alipata kazi kwa mlowezi mmoja katika eneo la Kissing Point kwa ujira wa pauni 25 kwa mwaka. Hakuwa tajiri, lakini kazi ilikuwapo. Familia ikakaa hivyo, ikifanyia watu wengine kazi na kuweka akiba kidogo kidogo, kwa takriban miaka 17. Mwaka 1855 au 1856 ndipo Thomas aliponunua ekari 24 eneo la Eastwood, pembezoni mwa wilaya hiyo. Maria alikuwa na miaka 55 hivi.

Hati ya shamba ilikuwa ya mume. Sheria ya wakati huo haikumruhusu mwanamke aliyeolewa kumiliki mali kwa jina lake kama alivyoweza mwanamume, na New South Wales ilianza kubadili hali hiyo mwaka 1879, Maria akiwa amekwisha kufariki. Lakini aliyelifahamisha shamba hilo sokoni alikuwa Maria. Kila wiki alipeleka mazao katika soko la mtaa wa George, katikati ya Sydney, umbali wa kilomita zipatazo 17. Soko hilo lilikuwa mahali ambapo leo limesimama jengo maarufu la maduka la Queen Victoria Building. Alipozidi kuzeeka majirani na wateja walimzoea kwa jina la Bibi Smith.

Mche wa kando ya kijito

Tufaha lenyewe halikutafutwa. Habari za chanzo chake zilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1924, zaidi ya nusu karne baada ya kifo chake, na mwanahistoria wa Ryde, Herbert Rumsey, aliyewahoji watu wawili waliomfahamu. Mmoja wao, Edwin Small, mkulima wa matunda, alikumbuka kuwa mwaka 1868, akiwa na umri wa miaka 12, yeye na baba yake waliitwa na Bibi Smith waje kuutazama mche wa tufaha ulioota wenyewe kando ya kijito. Mahali hapo Bibi Smith alikuwa amemwaga mabaki ya matufaha aina ya French Crab yaliyotoka kisiwa cha Tasmania.

Simulizi ya pili inasema alikuwa akipika matufaha hayo ya French Crab na kutupa kokwa dirishani, mche ukaota chini ya dirisha la jiko. Zote mbili zinakubaliana katika jambo moja: mti uliota kwenye takataka.

Kwenye mashamba, miche ya aina hiyo huota kila mwaka na kung'olewa. Tufaha likioteshwa kwa mbegu halizai tunda kama la mama yake, kwa kuwa ua huwa limechavushwa na mti mwingine. Miche mingi ya mbegu hutoa matunda madogo, makali, yasiyouzika. Mkulima mwenye haraka hung'oa na kusahau. Bibi Smith aliacha mti ukue hadi ukazaa, akaonja, akapika, kisha akawaita wenzake wenye uzoefu watoe maoni.

Baada ya hapo akafanya kazi iliyokuwa muhimu kuliko bahati yenyewe: aliuzidisha mti huo. Njia inayotumika kwa matufaha ni ileile inayotumiwa na wakulima wa maembe na maparachichi katika ukanda huu, yaani kubebesha. Kikonyo cha mti bora hukatwa na kuunganishwa kwenye shina la mti mwingine, na tawi linaloota huzaa tunda lilelile. Kwa sababu hiyo kila mti wa Granny Smith ulioko duniani leo, uwe Afrika Kusini, Chile, Ufaransa au Marekani, ni mwendelezo wa ule mti mmoja wa Eastwood.

Matunda ya miti hiyo yaliingia katika meza yake ya mtaa wa George na wateja wakayapenda. Yalifaa kupikwa na yalifaa kuliwa mabichi. Zaidi ya hayo, yalikaa muda mrefu bila kuharibika.

Kazi iliyoendelezwa na wengine

Bibi Smith hakupata muda mrefu wa kulifaidi tunda lake. Alifariki Machi 9, 1870, akiwa na miaka 70, miaka miwili tu baada ya siku ambayo Edwin Small alipelekwa kuutazama mche. Alizikwa katika uwanja wa kanisa la Mtakatifu Anne, Ryde. Thomas alimfuata mwaka 1876.

Kama habari ingeishia hapo, huenda mti huo ungekatwa na mwenye shamba mpya. Ulinusurika kwa sababu jirani mkulima, Edward Gallard, aliupanda kwa wingi na kuendelea kuuza matunda yake katika masoko ya karibu. Mwaka 1890 lilionyeshwa katika maonyesho ya kilimo ya Castle Hill likiitwa mche wa Smith. Mwaka uliofuata lilishinda zawadi ya matufaha ya kupikia, safari hii likitajwa kwa jina la Bibi Smith.

Mwaka 1895 Idara ya Kilimo ya New South Wales ililitambua rasmi na kuanza kuotesha miti yake katika kituo cha majaribio cha Bathurst, ikilipendekeza kwa ajili ya kuuzwa nje. Sababu ilikuwa ya kibiashara. Tufaha hilo huvunwa kuanzia Machi na lingeweza kuhifadhiwa hadi Novemba. Wakati huo meli zenye vyumba vya baridi zilikuwa zimeanza kubeba nyama na siagi kutoka Australia kwenda Ulaya, na wafanyabiashara wa matunda nao wakajaribu bahati yao. Matunda mengi laini yalifika yameoza. La Bibi Smith lilivumilia bahari. Kwa kuwa misimu ya kusini mwa dunia ni kinyume na ya kaskazini, lilifika Ulaya wakati ambapo matufaha ya huko yalikuwa yamekwisha au yamenywea ghalani.

Kufikia mwaka 1975, takriban asilimia 40 ya matufaha yote yaliyozalishwa Australia yalikuwa ya aina hiyo. Umaarufu wake ulivuka hata mipaka ya kilimo: kundi la muziki la The Beatles lilipoanzisha kampuni yake ya santuri mwaka 1968, miaka 100 baada ya ule mwaka wa kijitoni, lilichagua picha ya tufaha hilo kuwa nembo.

Jina bila malipo

Katika zama zake hapakuwa na sheria ya kulinda haki ya mgunduzi wa aina mpya ya mmea. Yeyote aliyepata kikonyo alibebesha, akapanda, akauza, na familia ya Smith haikudai chochote. Leo mambo ni tofauti. Tufaha jingine la Australia, linalouzwa kwa jina la Pink Lady, lina alama ya biashara iliyosajiliwa, na wanaotaka kulitumia jina hilo hufuata masharti ya wenye nalo. Bibi Smith alipata jina, wengine wakapata fedha.

Kwa wafanyabiashara wa Afrika Mashariki, tunda hilo limekuja kwa njia ndefu. Sehemu kubwa ya matufaha yanayouzwa katika masoko ya ukanda huu hutoka Afrika Kusini, nchi inayolima Granny Smith kwa wingi. Mti wa tufaha huhitaji kipindi cha baridi ili uchanue vizuri, ndiyo maana hauwezi kulimwa pwani. Hata hivyo, matufaha hulimwa katika nyanda za juu kama Lushoto na Njombe nchini Tanzania na Kabale nchini Uganda, na kila msimu wakulima wa huko hushindania meza moja na katoni zinazotoka kusini. Wanachokabiliana nacho si ladha peke yake, bali ni ile sifa ambayo Bibi Smith aliiona mapema sokoni: tunda linaloweza kungoja mnunuzi.

Mjini Eastwood kuna bustani ya umma yenye jina lake, na tangu mwaka 1985 wakazi hufanya tamasha la Granny Smith kila mwaka. Mashamba ya zamani yamegeuka mitaa ya jiji la Sydney, na wengi wa wanaoishi hapo sasa ni familia zenye asili ya China na Korea, wahamiaji kama alivyokuwa yeye, waliofika kutoka mbali kuanza upya.