Taylor, mutu aliyemwagia chuma maji

Kipande cha mashini ya kusaga mawe kikivunjika kule machimboni, mara nyingi kinapelekwa ku atelye ya muji, fundi achonge kingine. Pale utaona maji meupe yanamwagikia kisu cha mashini. Mutu aliyepima nguvu ya maji hayo ni Mumarekani, Frederick Winslow Taylor.

Alizaliwa tarehe 20 Machi 1856 kule Philadelphia, mutoto wa familia tajiri. Alitaka kusoma Harvard, lakini macho yalimusumbua, akaenda kujifunza kazi ya mikono kwa watu wa kutengeneza pompi. Mwaka wa 1878 akaingia kiwanda cha chuma cha Midvale kama mutumishi wa kawaida. Kisha akapanda mpaka kuwa injenia mukubwa.

Wakati ule maji yalitoneshwa kidogo tu. Kisu kinapata moto, makali yanaisha, kazi inasimama. Taylor akajaribu kumwaga maji mengi palepale kisu kinapokata. Mwendo wa kukata ukapanda kwa 30 mpaka 40 kwa mia.

Lakini maji yanaleta kutu. Kwa hiyo, mu atelye mupya ya 1884, maji yalitiwa soda. Chini ya kila mashini kulikuwa sahani kubwa ya chuma. Maji yakashuka kwa mabomba mpaka ku shimo moja, pompi ikayarudisha juu ku tanki. Maji ni yaleyale, yanazunguka tu.

Alifanya majaribio miaka 26, akatoa matokeo yake mwaka wa 1906. Hata hivyo watumishi wengi hawakumupenda, juu alipima kazi yao kwa saa, dakika kwa dakika. Mwaka wa 1911 wale wa kiwanda cha silaha cha Watertown waligoma, na mwaka uliofuata wabunge wakamuhoji. Alikufa tarehe 21 Machi 1915, siku moja kisha kutimiza miaka 59.

Leo maji yale yanachanganywa na mafuta, ndiyo maana ni meupe. Yakinuka, mafuta machafu yakielea juu, ao unga wa chuma ukijaa mu tanki, yamechoka: yasafishwe ao yabadilishwe. Fundi akiacha vile, kisu kinaisha haraka, ngozi ya mikono inamuwasha, na kule machimboni wenzetu wanabaki kungoja kipande, siku bila kazi, nyumba bila unga.