Joho la Bokassa na Sare za Watoto

Wapo wanaoshikilia kwamba mavazi ya kiongozi ni jambo lake binafsi, na kwamba anayehoji bei ya suti ya waziri ana husuda tu. Hoja hiyo ingekuwa na mashiko iwapo daima ungekuwapo mpaka ulio bayana baina ya mfuko wa kiongozi na hazina ya umma. Maisha ya Jean-Bédel Bokassa, aliyeitawala Jamhuri ya Afrika ya Kati tangu 1966 hadi 1979, yanatufunza yanayojiri mpaka huo ufutikapo.

Bokassa alizaliwa tarehe 22 Februari 1921 katika kijiji cha Bobangui. Babake, aliyekuwa mkuu wa kijiji, alikataa watu wake watumikishwe kwa nguvu na kampuni ya Kifaransa. Kwa ajili hiyo alipigwa hadi akafa mwaka 1927, na juma moja baadaye mamake akajiua. Yatima huyo alisomeshwa na wamisionari, akajiunga na jeshi la Ufaransa mwaka 1939, akapigana Ulaya na baadaye Indochina.

Usiku wa kuamkia mwaka 1966 alimpindua jamaa yake, Rais David Dacko. Mwaka 1972 akajifanya rais wa maisha, na 1974 akajitwika cheo cha Marshali. Vyeo hivyo havikumtosha. Desemba 1976 aliigeuza jamhuri kuwa himaya, na tarehe 4 Desemba 1977 akajivika taji mjini Bangui, akiiga kutawazwa kwa Napoleon mwaka 1804.

Vazi alilovaa siku hiyo lilitengenezwa na mafundi wa Paris, na yasemekana lilidariziwa lulu zipatazo 785,000. Juu yake palikuwa na joho refu la mahameli lililoburura sakafuni; nyuma yake, kiti cha enzi chenye umbo la tai. Sherehe nzima yakadiriwa kugharimu dola milioni 20, na sehemu kubwa ya gharama hiyo ilibebwa na Ufaransa. Hayo yalitendeka katika mojawapo ya nchi maskini kabisa duniani. Marais na wafalme wa nchi za nje walioalikwa hawakuhudhuria.

Haukupita muda mrefu kabla ya amri kutolewa kwamba wanafunzi wavae sare maalumu, zilizotengenezwa na kiwanda kilichohusishwa na jamaa za Kaizari mwenyewe. Katika Kiswahili, sare ni kitu kinacholingana na kingine, na madhumuni ya sare za shule ni kuficha tofauti baina ya mtoto wa tajiri na wa fukara. Huko Bangui neno hilo lilipinduliwa: wazazi wengi hawakuwa na uwezo wa kuzinunua, ilhali faida ilirejea kasri.

Januari 1979 wanafunzi waliandamana, wakapigwa risasi. Mwezi wa Aprili watoto wengi walikamatwa na kutupwa katika gereza la Ngaragba. Mwezi uliofuata, shirika la Amnesty International liliarifu kwamba kati ya watoto 50 na 100 walikuwa wamekufa humo. Tume ya wanasheria kutoka nchi tano za Afrika ilichunguza na kuthibitisha mauaji hayo. Septemba 1979, Bokassa akiwa ziarani Libya, wanajeshi wa Ufaransa ile ile iliyomlipia taji walimng'oa.

Alirejea kwao mwaka 1986, akashtakiwa, akahukumiwa kifo mwaka 1987. Adhabu hiyo ilipunguzwa, akaachiliwa 1993, akafariki tarehe 3 Novemba 1996. Katika miaka yake ya mwisho alionekana amevaa kanzu nyeupe na msalaba.

Wahenga walinena kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako. Mwaka 2024, vijana wa Kenya walipoandamana kuupinga Mswada wa Fedha, walilalamikia pia saa na viatu vya anasa vya wanasiasa. Wasidhaniwe kuwa na husuda. Mwenye kulipa ana haki ya kuuliza bei.