Aaron Burr: Alivyofungana kura na Jefferson

AARON Burr alizaliwa Februari 6, 1756, mjini Newark, New Jersey. Baba yake, mchungaji aliyekuwa mkuu wa chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Princeton, alifariki dunia mwaka 1757, na mama yake akafuata mwaka 1758. Yatima huyo alilelewa na mjomba wake, akahitimu chuo hicho akiwa na miaka 16, akapigana vita vya uhuru dhidi ya Waingereza, kisha akawa wakili New York na baadaye seneta.

Wakati huo Marekani haikuwa na mgombea mwenza. Kila mjumbe wa uchaguzi alipiga kura mbili kwa watu wawili, bila kuonyesha yupi awe Rais na yupi awe Makamu. Aliyeongoza, akivuka nusu ya idadi ya wajumbe, alikuwa Rais, aliyemfuatia, Makamu. Enzi za George Washington mambo yalikwenda sawa. Vyama vilipoanza, yakawa mengine. Mwaka 1796 John Adams alishinda kwa kura 71, na mpinzani wake, Thomas Jefferson, aliyepata 68, akawa Makamu wake!

Mwaka 1800 chama cha Jefferson kilipanga Jefferson awe Rais na Burr Makamu. Burr alikiletea chama ushindi New York, jimbo lenye kura 12. Lakini wajumbe wa chama hicho hawakumpunguzia Burr hata kura moja. Wote wawili wakapata 73, Adams 65.

Uamuzi ukaenda Baraza la Wawakilishi, kila jimbo kura moja. Majimbo yalikuwa 16, na mshindi alihitaji 9. Tatizo ni kwamba baraza hilo lilikuwa bado mikononi mwa wapinzani wao, Federalist, na wengi wao waliona heri Burr kuliko Jefferson. Kuanzia Februari 11, 1801, walipiga kura mara 35 bila mshindi. Jefferson alikuwa na majimbo 8, Burr 6, mawili yamegawanyika.

Burr alikuwa Albany, mbali na mji mkuu. Angeweza kutangaza kwamba hataukubali urais, mambo yakaisha siku hiyohiyo. Hakufanya hivyo, na hapo ndipo alipojiharibia. Alexander Hamilton, ingawa alikuwa Federalist, aliwaandikia wenzake akiwasihi wasimchague Burr. Februari 17, mbunge pekee wa Delaware, James Bayard, na wenzake wachache walilegeza msimamo. Katika kura ya 36 Jefferson alipata majimbo 10.

Burr akawa Makamu asiyeaminiwa na Rais wake, na mwaka 1804 chama kilimwacha. Aliwania ugavana wa New York, akashindwa. Julai 11 mwaka huo, akiwa bado Makamu wa Rais, alipambana na Hamilton kwa bastola huko Weehawken. Hamilton alifariki kesho yake. Mwezi uliotangulia, marekebisho ya 12 ya Katiba yalikuwa yamepitishwa, yakitenganisha kura ya Rais na ya Makamu.

Mwaka 1807 Burr alishitakiwa kwa uhaini, akaachiwa. Aliishi Ulaya miaka minne, akarudi kwenye uwakili New York. Binti yake Theodosia alipotea baharini mwaka 1813. Burr mwenyewe alifariki Septemba 14, 1836, akiwa na miaka 80.